Jinsi ya kutengeneza filamu ndogo kuhusu familia ya wahamiaji wa Kiarabu: mwongozo kamili

Filamu nyingi kuhusu Waarabu waliohamia Ulaya na Marekani huharibika kabla kamera haijawashwa. Mwandishi huanza na swali kubwa, "Sisi ni nani katika nchi hii?", kisha huwatwika wahusika wake kazi ya kulijibu. Baba anahutubia mezani, binti anabishana kuhusu hijabu, mama analia jikoni na udi unapigwa kwa mbali. Mtazamaji Mwarabu anaona haya kwa niaba ya waigizaji. Asiye Mwarabu anatoka ukumbini na mawazo yaleyale aliyoingia nayo.

Mwongozo huu unaanzia kwingine: kwenye pesa. Nani analeta, nani anatumiwa, nani anasaini, nani anaficha. Familia iliyohama huamua yenyewe ni nani kila inapoamua dola ya mwisho iende wapi, na hapo ndipo kamera inapotakiwa kuwa.

Tazama Amreeka, filamu ya mwongozaji Cherien Dabis, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance Januari 2009. Muna, mama Mpalestina aliyekuwa mfanyakazi wa benki, anafika Illinois na mwanawe wakati vita vya Iraq vya 2003 vinaanza. Akiba yake kaificha ndani ya kopo la biskuti, na kopo linaishia mikononi mwa maafisa wa uwanja wa ndege. Anatafuta kazi ya benki, hapati, anaishia kutengeneza baga kwenye mgahawa wa White Castle. Nyumbani kwa dada yake anasema kaajiriwa benki. Anashushwa mbele ya benki hiyo, na gari likishaondoka anaingia mlango wa jirani kuvaa sare. Hatua zile chache kati ya milango miwili zimebeba elimu yake, hadhi aliyoipoteza na aibu mbele ya dada aliyetangulia kufika, na hakuna aliyehitaji kulieleza hilo kwa mdomo.

Nimechagua Marekani, hasa Detroit na miji inayoizunguka, kwa sababu huko kuna jamii kubwa na filamu za kujifunzia. Msomaji wa Mombasa au Unguja aliyezaliwa katika ukoo wa Kihadhrami, au wa Muscat ambaye wazazi wake walitoka Zanzibar baada ya 1964 na bado wanagombana kwa Kiswahili, ana hadithi yake pembeni tu. Hatua ni zilezile, ila historia si moja, na asizichanganye.

Hatua ya 1: Chagua nyumba moja, usichague "Waarabu"

Waarabu wa kwanza kuhamia Marekani kwa wingi walitoka Shamu, yaani Syria na Lebanon za leo, kuanzia miaka ya 1880. Wengi walikuwa Wakristo, na wengi walianza kwa uchuuzi wa mlango kwa mlango. Sheria ya uhamiaji ya 1924 ikaubana mlango huo karibu wote. Ya 1965 ikaufungua tena. Viwanda vya Ford, kwanza Highland Park na baadaye River Rouge kule Dearborn, viliwavuta Walebanoni na Wayemeni kwa mishahara. Leo Dearborn ina watu wapatao 110,000, zaidi ya nusu yao wenye asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini. Kwenye fomu za serikali watu hao wote walihesabiwa kuwa weupe. Kundi lao lenyewe lilikubaliwa rasmi Machi 2024.

Ndani ya mji huohuo kuna Walebanoni wa Kishia waliokimbia vita vya 1975 hadi 1990, Wayemeni wa vijiji vya Ibb, Wairaki na Wapalestina. Muna wa Amreeka ni Mkristo, jambo ambalo majirani zake wa Illinois hawana habari nalo. Wakaldayo wa Detroit ni Wakatoliki kutoka Iraq, lugha yao ya nyumbani ni Kiaramu, na wengi wao hawapendi kuitwa Waarabu. Ukiandika "familia ya Kiarabu" bila kuuliza, umeshakosea watu watatu kabla ya sini, yaani onyesho, ya kwanza.

Chukua karatasi moja. Andika mji walikotoka, mwaka waliofika, aina ya viza, dini na madhehebu, aliyefika wa kwanza na kazi yake ya kwanza. Kama huwezi kujaza nafasi hizo bila kubuni, bado hujafanya utafiti.

Ili tusielee hewani, tutumie familia ya kubuni mpaka mwisho. Mwaka ni 2018. Abdo, miaka 49, mwenyeji wa Ibb, ana duka la kona Detroit. Anaishi Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit pande karibu zote, pamoja na binti yake Samah, 17, na Yusuf, 9. Mkewe na mtoto mchanga wako Djibouti wakisubiri viza. Kwa nini Djibouti? Kwa sababu ubalozi wa Marekani mjini Sana'a ulifungwa Februari 2015, na Wayemeni wakalazimika kupeleka kesi zao nchi nyingine, Djibouti ikiwa mojawapo. Kisha Januari 2017 ikaja amri ya kuwazuia kuingia, na kwa sura mbalimbali zuio hilo likadumu hadi Januari 2021. Sababu za kisiasa za filamu yako zimeshakaa ndani ya anwani ya mama. Hakuna mhusika atakayehitaji kuzieleza.

Hatua ya 2: Fungua daftari la nyumba

Hii ndiyo hatua wengi wanairuka, na kwangu ndiyo filamu yenyewe.

Andika mapato na matumizi ya mwezi mmoja ya familia hiyo, mstari kwa mstari: mauzo ya duka, kodi ya nyumba Hamtramck, kodi ya chumba Djibouti, wakili wa uhamiaji, umeme wa mafriji, pesa ya bibi kule Ibb, deni la binamu aliyemkopesha Abdo mtaji bila riba wala karatasi, akiba ya chuo ya Samah. Halafu, mbele ya kila mstari, andika majina ya wanaojua. Kodi ya Hamtramck inajulikana na wote. Deni la binamu wanalijua Abdo na mkewe. Mistari yenye jina moja tu ndiyo sini zako.

Katika daftari letu iko miwili. Wa kwanza ni bia. Maduka mengi ya kona Detroit hayasimami bila pombe, sigara na tiketi za bahati nasibu, na kwa mwenye duka Mwislamu hilo ni jambo linalomkosesha usingizi au linalomfanya aache kulifikiria kabisa. Bibi wa Ibb anapokea pesa kila mwezi na kumwombea mwanawe dua. Hajui inatoka wapi. Wa pili: miezi minne sasa kodi ya Djibouti imelipwa kutoka akiba ya Samah. Anayejua ni Abdo peke yake.

Usisahau kazi isiyolipwa. Watoto wa wahamiaji huwa wakalimani wa nyumba. Wanasoma barua za benki, wanajibu simu ya shule inayowahusu wao wenyewe, wanamweleza mama maneno ya daktari ambayo mtoto hakupaswa kuyasikia. Mamlaka ya mzazi yanapungua kidogo kila bahasha inapofunguliwa. Kwenye daftari, andika pia nani anamsomea nani.

Namna ya kukusanya haya kwa familia halisi: usiulize "unajionaje kama Mwarabu wa Marekani?" Utajibiwa kama mgeni anavyojibiwa, kwa heshima na bila kitu. Uliza tiketi ya kwanza ya ndege ililipwa na nani. Uliza friji la kwanza lilinunuliwa wapi na nani alikwenda kupatana bei. Uliza siku gani duka lilifungwa mchana. Wayemeni wa New York watakwambia tarehe 2 Februari 2017, siku ambayo maduka yao zaidi ya 1,000 yalifungwa kupinga ile amri ya kuzuia wasafiri. Muulize mwenye duka aliyefunga siku hiyo alikosa kiasi gani, na uangalie uso wake anapotaja.

Hata chuki ipitishe kwenye daftari. Baba yake Dabis alikuwa daktari katika mji mdogo wa Ohio, na vita vya Ghuba vya 1991 vilipoanza alipoteza wagonjwa. Ndani ya Amreeka shemeji wa Muna ni daktari ambaye wagonjwa wanamkimbia huku mkopo wa nyumba ukiendelea kudai. Kiti kitupu kwenye chumba cha kusubiri kinauma kuliko mtu anayetukana barabarani, maana mtukanaji anaondoka na mkopo unabaki.

Hatua ya 3: Andika kurasa kumi na mbili

Ukurasa mmoja wa muswada ni takriban dakika moja ya picha. Kama hii ni filamu yako ya kwanza, andika kurasa 12, siku moja, sehemu mbili. Rola Nashef alitengeneza kwanza filamu fupi ya Detroit Unleaded, ndipo akaifanya ndefu, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2012 na kushinda tuzo ya ugunduzi iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza. Hadithi yake iko karibu yote kituo cha mafuta: Sami amerithi kazi ya baba yake aliyeuawa hapo, anakaa nyuma ya kioo kisichopenya risasi, na Najlah anakuja kuleta kadi za simu. Kioo kilichowekwa kwa ajili ya biashara kinageuka kuwa kitu cha kwanza kati ya wapendanao. Mahali pamoja palipochaguliwa vizuri panaokoa pesa na wakati huohuo panaandika nusu ya muswada.

Sini kuu ya kwetu iwe hii. Saa tatu usiku, dukani. Abdo anampa Samah bahasha ya benki amsomee huku akihudumia wateja. Samah anasoma kwa macho, anaona jina lake na pesa zilizotolewa mara nne. Anaanza kufasiri: salio la duka, ada ya mwezi, tangazo la huduma mpya. Mstari wa nne anauruka. Abdo, anayeelewa tarakimu vizuri sana hata kama haelewi Kiingereza cha benki, anasubiri mstari huo na hausikii. Mteja anaomba sigara. Abdo anampa chenji. Basi.

Usiongeze ugomvi. Kishawishi kitakuwa kikubwa, na rafiki zako watakaosoma muswada watakwambia "hapa wagombane". Usiku huo Samah aongee na mama yake kwa simu, mama amsifie chumba kipya cha Djibouti, kina dirisha na upepo wa bahari unaingia, mtoto sasa analala. Samah ndiye aliyelilipia dirisha hilo, na mama hajui. Mtazamaji anajua.

Sasa pitia muswada na ufute. Adhana juu ya picha ya mji kutoka angani: futa. Hotuba ya baba kuhusu nchi aliyoiacha: futa. Kaka anayempiga dada: futa, isipokuwa utafiti wako umekuletea hilo na unajua sababu yake. Jirani mweupe mwema anayewaelewa wote: mpunguze hadi awe mtu mwenye shida zake. Polisi wa siri waache nje mpaka mtu wa nyumba hiyo akuambie walivyobisha hodi.

Sini ya chakula nitaiongelea peke yake, kwa kuwa kila filamu ya wahamiaji inayo na nyingi zinafanana na matangazo ya mgahawa. Nenda kwenye La Graine et le Mulet ya Abdellatif Kechiche, ya 2007, kuhusu Slimane, mfanyakazi wa bandari ya Sète huko Ufaransa anayetaka kugeuza mashua kuukuu kuwa mgahawa wa kuskusi ya samaki. Mlo wa familia ndani yake ni mrefu mno kwa kanuni za kawaida. Watu wanaongea midomo imejaa, wanakatizana, wanalalamika kuhusu mambo madogo kabisa ya nyumba na watoto. Kamera iko karibu na vidole na midomo. Hakuna anayeeleza kuskusi ni nini. Filamu hiyo ilipata César, tuzo kuu ya filamu ya Ufaransa, ya filamu bora mwaka 2008. Kwako, chagua chakula cha mahali pa familia yako: salta kwa Wayemeni, maqluba kwa Wapalestina, kibbeh kwa Walebanoni. Na uwape watu kitu cha kubishania kisicho chakula.

Hatua ya 4: Fedha na matamasha, mapema kuliko unavyodhani

Watu huacha jambo hili mwisho, kisha wanagundua filamu yao ya dakika 34 haina pa kwenda. Kwa mashindano mengi ya filamu fupi kikomo ni dakika 40 au karibu na hapo, lakini wanaopanga ratiba hupenda zilizo chini ya 15, kwa kuwa zinaingia popote. Amua urefu kabla ya kupiga picha.

Kwa msanii wa asili ya Kiarabu kuna AFAC, mfuko wa sanaa na utamaduni ulioanzishwa 2007 na wenye ofisi Beirut, na Doha Film Institute ya Qatar iliyoanza 2010. Masharti hubadilika kila mwaka, soma ya mwaka wako. Ndani ya Marekani, shirika lisilo la faida linaweza kukupokelea michango kwa niaba ya filamu na kukata asilimia yake, ili wachangiaji wapate nafuu ya kodi. Kwa maonyesho kuna Arab Film Festival ya San Francisco, iliyoanza 1996, tamasha la Mizna kule Minneapolis na St. Paul, na Malmö huko Sweden tangu 2011. Zanzibar nako ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu lililoanzishwa 1997, imekuwa ikipokea kazi za nchi za mwambao wa bahari ya Hindi, na filamu ya Wayemeni si ngeni katika bahari hiyo. Usiipandishe YouTube mpaka uwe umemaliza mzunguko wa matamasha. Mengine hukataa kazi iliyokwisha kuonwa mtandaoni.

Hatua ya 5: Lugha ya nyumbani

Kosa linalosikika haraka kuliko yote ni baba wa Kimisri aliyezaa binti wa Kimoroko. Mmisri akikujulia hali atasema "izzayyak", Mlebanoni "kifak", Mwiraki "shlonak", Mmoroko "labas". Mtazamaji Mwarabu hutambua mji wa mtu kwa sentensi moja, na akishatambua kosa hatazami tena filamu, anasikiliza makosa. Kwa Abdo unahitaji msikilizaji wa lahaja aliyekulia Ibb au jirani, akae kwenye kila zoezi na kila siku ya kupiga. Mama wa mtu hufaa zaidi kuliko profesa. Mlipe.

Kisha changanya lugha jinsi nyumba inavyochanganya. Abdo anasema Kiarabu kwa watoto na Kiingereza cha duka kwa wateja, kile cha bei na salamu. Samah anamjibu baba kwa Kiarabu mbele ya wageni na kwa Kiingereza akikasirika. Yusuf anaelewa kila kitu na hujibu kwa Kiingereza tu. Panga jambo hili kwa kila mhusika na kila anayezungumza naye, kabla ya mazoezi. Lisiachwe kwa waigizaji waamue papo hapo.

Heshima za kuitana nazo zina mpangilio. Mtu mzima huitwa kwa jina la mwanawe: Abu Yusuf, Umm Yusuf. Kijana hamwiti mzee jina tupu. Ni "ammu" hata kama hawana undugu. Kwa Wapalestina na Walebanoni baba humwita mwanawe "baba", jambo ambalo kwa msomaji wa pwani yetu halihitaji maelezo.

Hatua ya 6: Waigizaji

Usitegemee mtandao wa mawakala peke yake. Slimane wa Kechiche alichezwa na Habib Boufares, fundi ujenzi ambaye hakuwa mwigizaji wa kazi. Tundika tangazo kwenye mikahawa ya kahawa ya Kiyemeni, maduka ya nyama, ofisi za wakufunzi wa udereva, misikiti na makanisa. Fanya usaili kwa kazi za mikono: mpe anayetaka kuwa Abdo mashine ya kuhesabia pesa na wateja watatu kwa wakati mmoja, umwone anavyogawanya macho. Maneno yatakuja baadaye. Kwa Samah, mpe barua halisi ya Kiingereza aifasiri papo hapo kwa mtu asiyeijua lugha hiyo. Aliyewahi kufanya hivyo utotoni utamjua kabla hajamaliza aya moja.

Hatua ya 7: Mlango, kamera na hijabu

Usishangae watu wakikataa kamera. Bridgeview, kitongoji cha Chicago chenye familia nyingi za Kiarabu, kilipelelezwa na FBI kwa miaka, na mmoja wa mabinti wa hapo, Assia Boundaoui, alitengeneza filamu ya kumbukumbu kuhusu hilo iliyotoka 2018. Kesi yake ya kudai nyaraka ilihusu kurasa zaidi ya 33,000. Kwa jamii yenye historia hiyo, kijana mwenye kamera anayeuliza pesa zinatumwa wapi anafanana sana na mtu mwingine. Nenda kwanza bila kamera. Nenda na mtu wanayemfahamu. Eleza filamu itaonyeshwa wapi na nani anailipia, uandike kwenye fomu ya ridhaa kwa Kiarabu na Kiingereza, na uwape nafasi ya kukataa baada ya siku chache. Mwenye kesi ya uhamiaji inayoendelea asionekane uso wala duka lake lisitambulike, hata akisema hana neno. Yeye amekukirimu, wakili wake angesema vingine.

Hijabu ni suala la ufundi pia. Mwanamke anayeivaa nje haivai akiwa peke yake na baba, mume au watoto wake. Filamu zinazomlaza kitandani nayo zinachekesha. Lakini mwigizaji wako huenda anaivaa yeye mwenyewe, na mpiga picha ni mwanamume. Zipo njia za heshima: nywele za bandia kama anaridhia, timu ya wanawake kwa sini hiyo, au andika upya ili pawe na sababu, mgeni sebuleni au dakika ya kutoka kwenda dukani. Zungumzeni siku ya usaili, siyo siku ya kupiga.

Hatua ya 8: Siku za kupiga

Duka linalofanya kazi lina maadui wawili. Wa kwanza ni friji. Zima mafriji wakati wa kurekodi tu, na uweke funguo za gari lako ndani ya friji mojawapo. Hutaweza kuondoka bila kukumbuka kuyawasha, na maziwa ya watu hayataharibika. Rekodi pia nusu dakika ya ukimya wa chumba, mara moja mafriji yakizimwa, mara moja yakiwaka. Wa pili ni taa za tyubu. Umeme wa Marekani ni hezi 60, weka kasi ya shata, yaani muda kamera inaoacha mwanga uingie, 1/60 ya sekunde. Kwa Afrika Mashariki, Oman na Ulaya ni hezi 50, hivyo 1/50. La sivyo picha itapepesa, na hakuna mhariri atakayekuokoa.

Kodisha saa za usiku mwenye duka anapopata wateja wachache, umlipe kwa saa, na ulipie pia mauzo anayokosa. Bidhaa zenye nembo zigeuze au uziombee ruhusa. Ukipiga mwezi wa Ramadhani, ratiba ianze baada ya futari. Hakuna ustadi utakaomfanya mtu aliyefunga acheze vizuri saa kumi na moja jioni.

Sini ya bahasha ipige kwa shoti ndefu moja kutoka upande wa Abdo, Samah akionekana kwa ubavu, kisha moja ya karibu ya Samah bila kumwonyesha karatasi mtazamaji zaidi ya sekunde mbili. Hizo mbili zinatosha.

Hatua ya 9: Uhariri, muziki na manukuu

Muziki kwanza, haraka: wimbo wa Fairuz, mwimbaji wa Lebanon, redioni una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na zote zinalipiwa. Habari za televisheni nazo zina mwenyewe. Andika taarifa yako na umpe mtangazaji aisome. Ile filimbi ya huzuni inayolia kila Mwarabu akitokea jangwani mara nyingi ni duduk, ala ya Waarmenia. Iache kwao.

Manukuu yanahitaji mhariri wake. Mistari isizidi miwili, kila mmoja usizidi herufi 42 hivi, na mtazamaji apate walau sekunde moja hata kwa neno moja. Fasiri maana ya usemi, ufupishe, usiache salamu zote ndefu za Kiarabu zijaze kioo. Kwenye sini yetu kuna mtego: watazamaji wa aina mbili wameketi ukumbi mmoja, anayesikia Kiarabu na anayesoma chini. Ukiweka manukuu ya mstari wa nne wa barua, umeuza siri. Fasiri anachokisema Samah tu. Karatasi iseme kilichobaki, kwa zile sekunde mbili, na kwa uso wa Abdo anayesubiri. Ukitengeneza manukuu ya Kiswahili kwa ajili ya Zanzibar, yafasiri moja kwa moja kutoka Kiarabu, usipitie Kiingereza. Maneno ya ukoo na ya dua yatakaa vizuri zaidi.

Kabla hujafunga uhariri, onyesha filamu kwa familia tatu au nne za jamii hiyo, kwenye sebule na si ukumbini, pamoja na mwenye duka. Usiwaulize kama wameipenda, adabu itawajibia. Waulize Abdo anadaiwa na nani, na mkewe anajua nini. Wakitofautiana kuhusu nani anajua nini, rudi mezani ukaangalie ni sini ipi iliyowapoteza. Wakianza kubishana kama Abdo alikuwa na haki ya kuchukua pesa ya chuo ya binti yake, kaa kimya, andika wanayosema, kisha peleka filamu kwenye tamasha la kwanza ulilolichagua.